Kisu Kisicho na Kwato

Mzee Kashindye, mhunzi wa visu, alikutwa karakanani mwake amelala kifudifudi kati ya fuawe na pipa la maji, mkono wa kulia bado umekamata tupa. Damu ilikuwa imefuata mteremko wa sakafu ya udongo, ikachanganyika na vumbi la mkaa, ikawa uji mweusi. Mvua iliyoipiga Uyole tangu saa tisa alasiri ilikuwa imechoka. Yalibaki matone tu juu ya bati.

Mkaguzi Severina Kalinga hakuingia mara moja. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akaangalia.

"Nani amemgusa?"

"Binti yake, Violet. Alikuja kumwita kula saa kumi na mbili," Koplo Filemoni alijibu. "Akamshika shingo, akamkuta hapumui. Mwili ulikuwa bado na joto."

"Kisu kiko wapi?"

Filemoni alionyesha ukuta kwa kidevu. "Chagua, Afande."

Ukutani, juu ya ubao mrefu, vilining'inia visu kumi na kimoja. Kila kimoja na umbo lake. Vyote visafi.

Nje kelele zilipanda. "Tupeni huyo Mathew! Tupeni Mathew!"

"Mathew ni nani?"

"Mwenye bucha hapo ng'ambo ya barabara. Jana alitukanana na marehemu mbele ya watu. Alinunua kisu, kikapata pengo kwenye mfupa. Mzee akamwambia, 'Nilikukataza, wewe ukakipendea sura kama mtu anayeoa.' Watu wakacheka. Mathew akasema, 'Iko siku nitakuchoma nacho ujue kama kinaingia.'"

"Na leo?"

"Leo wamemkuta ana damu hadi kwenye viatu."

"Ni muuza nyama, Filemoni."

"Nimewaambia hivyo hivyo. Wakanirushia tope."

Severina alichuchumaa kando ya mwili, akauinua ubavu kidogo. Jeraha lilikuwa moja tu, chini ya mbavu za kushoto. Aliitazama ile tupa mkononi mwa marehemu. Katikati ya meno ya tupa hiyo, yaliyojaa kutu ya zamani, kulikuwa na mstari wa unga wa chuma unaong'aa, mpya kabisa.

Mzee alikuwa anapiga tupa kitu. Lakini juu ya meza yake ya kazi hapakuwa na kitu.

*

Walimpeleka Mathew kituoni kumtuhumu na kumwokoa kwa wakati mmoja. Nyuma yao vioo vya bucha vilikuwa vinapasuka.

"Kuanzia saa tisa ulikuwa wapi?"

"Buchani."

"Na nani?"

"Mvua ile nani ananunua nyama, mama? Nilikuwa peke yangu."

"Hakuna aliyekuona?"

"Ng'ombe. Nusu yake." Alijaribu kucheka, midomo ikakataa. "Mama, mimi kusema nasema kila siku. Juzi nilimwambia mke wangu nitamrudisha kwao Rujewa. Si yupo? Nenda kamwone, yupo anafagia vioo."

"Ulimchukia mzee?"

"Nilikichukia kile kisu. Nilikiona kinang'aa nikashikwa na wazimu. Yeye alinikataza. Sasa ukimkasirikia mtu aliyekuwa na haki, si unapiga kelele tu?"

Severina alimwamini. Lakini kuamini hakuandikwi kwenye jalada, na mkuu wake wa kazi alimkumbusha hivyo jioni ile ile.

"Mtu ametishia hadharani, ana damu mwilini, hana shahidi. Jumatatu jalada liende kwa wakili wa serikali."

"Afande, mauaji hayana dhamana. Akishapelekwa gerezani atakaa mahabusu miaka kabla shahidi wa kwanza hajaitwa. Ana watoto wanne."

"Basi una siku tatu, Severina. Niletee mwingine, au niache nifanye kazi."

*

Ijumaa asubuhi Dakta Aroni aliwapokea Severina na Filemoni kwenye chumba cha maiti akiwa na kikombe cha chai ya tangawizi, kana kwamba walikutana sokoni.

"Kisu kimeingia mara moja, kwa nguvu, kutoka mbele. Ila kuna mambo mawili yasiyolingana na muuza nyama wako." Alichora kwenye karatasi. "La kwanza, umbo. Sentimita nne za mwanzo kimechana juu na chini. Baada ya hapo juu ni butu. Maana yake mgongo wa kisu unashuka kuelekea nchani, na pale unaposhuka umekwanguliwa ukawa mwembamba."

"Visu vya Mathew tumevichukua sita. Vyote vina mgongo mnene hadi mwisho."

"La pili ndilo limeninyima usingizi. Upande wa makali, jeraha halikukatwa safi. Limesukumwa, limechanika. Ncha ilikuwa kali, makali hayakuwa yamenolewa. Niambie, Mkaguzi, mwenye bucha gani anaweka kisu kisichonolewa?"

Severina aliandika. Alijikuta anafurahi, akaona haya, maana mzee alikuwa amelala mita mbili tu kutoka hapo.

"Na hakufa papo hapo," Aroni aliongeza. "Dakika kumi. Pengine kumi na tano. Angewahiwa, sijui. Pengine."

Kisha akampa mfuko wa vitu vya marehemu. Kitambaa. Ugoro. Na kipande cha chuma kilichochongwa, kirefu kama kidole, kilichokuwa kwenye mfuko wa shati. Mwisho wake mmoja ulikuwa na herufi ndogo zilizogeuzwa.

Filemoni aliomba kipande cha sabuni kwa muuguzi, akakigandamiza chuma kile juu yake. Herufi zikasimama vizuri: KIKOTI.

*

"Liberatus Kikoti," alisema Violet. "Ni kaka yangu, mama, ingawa hatukuzaliwa pamoja. Alikuja hapa mtoto wa watu kutoka Iringa, baba akamfundisha miaka tisa. Miaka miwili sasa amerudi Iringa, yuko Kihesa, ana karakana yake. Huko amejitengenezea jiwe la kusagia linalozungushwa na mota."

Walikuwa wamesimama mbele ya ukuta wa visu. Ndugu waliotoka Usangu walikuwa wameketi uani, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na sufuria la kwanza la ugali wa msiba lilikuwa motoni. Violet alikuwa na macho mekundu, lakini mikono yake ilishika visu kama mtu anayeshika vikombe vya nyumbani kwao.

"Nifundishe," Severina alisema. "Mimi naona visu tu."

"Hiki cha kuchunia. Tumbo limevimba hivi ili lisitoboe ngozi. Wafugaji wetu wa Usangu hawataki kingine. Hiki pua imekatwa, hakina ncha, ni cha kukatia kamba. Hata ukianguka nacho hakikuchomi. Hiki kama jani la mkaratusi. Hivi vyote ni vya baba. Angalia bapa lake: linateremka moja kwa moja toka mgongoni hadi kwenye makali, kama paa la nyumba. Anatumia tupa tu. Anasema bapa nene ndilo linalovumilia mfupa."

"Na hiki?"

Violet alikisogelea. Alikitoa ukutani, akakiweka kwenye kiganja cha Severina.

Mgongo wake ulikwenda umenyooka, kisha karibu na mwisho ukashuka kwa upinde mdogo wa kujizuia, kama mtu anayeinama kupita mlangoni, hadi ukaikuta ncha. Bapa halikuteremka kama paa. Lilikuwa limekombwa, pande zote mbili, bonde jembamba refu. Mwanga wa mlangoni uliingia ndani ya bonde lile ukatulia. Severina alipokigeuza, ukatiririka hadi nchani bila kumwagika.

Hakuwahi kudhani kwamba kisu kinaweza kumfanya mtu atake kukaa nacho tu, asikate kitu. Kisha akakumbuka mchoro wa Dakta Aroni, mgongo unaoshuka kuelekea nchani.

"Hiki ni cha Liberatus," Severina alisema taratibu.

"Siku arobaini alikifanyia kazi. Alikileta wiki tatu zilizopita. Aliomba ruhusa ya baba atie jina lake mwenyewe. Visu vyake vyote, tangu ajifunze, vinatoka na alama ya baba, kwato ya ng'ombe, hapa karibu na mpini. Wazungu wanaokwenda mbugani Ruaha wananunua, wanapiga picha, wanaandika kwamba Mzee Kashindye ana mkono wa ajabu. Mabapa ya kukombwa hayakuwa ya baba hata siku moja." Alitazama chini. "Ilimuuma Liberatus. Alinyamaza, lakini ilimuuma."

"Baba alimjibu nini?"

"Alisema, 'Kiache, nitakitazama.' Basi. Baba hakuwa na maneno. Na masikio yake yalikuwa yamekufa kwa nyundo."

Severina alikipeleka kisu karibu na jicho. "Kwato iko wapi?"

Violet alikichukua. Akakigeuza mara moja, mara mbili. "Ilikuwepo."

"Una hakika?"

Alitoa simu, akatafuta. Picha ilikuwa ya wiki tatu nyuma: kisu kile kile juu ya kitambaa cheupe, na kwato ndogo imepigwa vizuri karibu na mpini. Sasa mahali pale palikuwa laini, pamesuguliwa kwa msasa hadi pakawa kama kioo.

"Violet, gusa makali yake. Polepole."

Alipitisha kidole gumba, akakivuta haraka. "Kimenolewa!"

"Hivi vingine?"

"Havijanolewa. Hapa kwetu kisu cha ukutani hakinolewi mpaka siku kinauzwa. Wateja wanashikashika, watoto wanaingia. Baba alikuwa mkali sana kwa hilo, hata hiki kililetwa hakijanolewa." Alimwangalia Severina, na uso wake ukaanza kubadilika. "Liberatus kule kwake ananoa. Kazi ya mwisho ya kisu, anasema, ni jiwe."

"Yuko hapa msibani?"

"Hapana, mama. Amepiga simu. Amesema ana homa."

*

Mchana ule fundi wa maabara alifungua pete ya shaba iliyozunguka mpini. Ndani yake, mahali maji na msasa havifiki, alipitisha pamba yenye dawa. Pamba ikabadilika rangi. Damu.

Na fundi Shedrack, mchonga mihuri wa Mwanjelwa, alikikumbuka kipande cha chuma vizuri sana.

"Yule mzee Msukuma asiyesikia? Alikuja Jumatatu, Alhamisi asubuhi akakichukua. Nilimwambia subiri wiki, akakataa. Akasema kuna kijana wake anataka kumshtukiza. Alicheka, yule mzee. Sikujua kama ana meno."

Njiani Filemoni alikuna kichwa. "Afande, hapa napotea. Mzee anampa kijana jina. Ndicho kitu kijana anachokitaka kuliko vyote. Atamuua kwa nini?"

"Sijui," Severina alisema. "Ndiyo maana kesho tunakwenda Iringa."

*

Waliondoka Jumamosi alfajiri. Igawa, Makambako, misitu ya misonobari ya Mafinga imelala kwenye ukungu. Severina hakuongea sana. Alikuwa anamfikiria Mathew, aliyemuuliza jana kupitia nondo kama Jumatatu ni kesho au keshokutwa, maana alikuwa ameshapoteza hesabu ya siku.

Karakana ya Kihesa ilikuwa chumba kimoja cha tofali, kimefagiliwa. Jiwe la kusagia lilikuwa limesimama kimya, limeunganishwa na mota kuukuu ya mashine ya mahindi. Liberatus Kikoti, mwembamba, miaka thelathini na moja, alikuwa ameketi juu ya gogo na koti zito, na hakuwa na kazi yoyote mkononi.

"Kamwene," Severina alimsalimu.

"Kamwene, dada." Alishangaa kidogo. "Kumbe wewe ni wa hapa?"

"Kwetu Kalenga. Pole kwa msiba."

"Asante. Nina homa, ndiyo maana sijafika."

"Ni bahati mbaya. Violet anakuulizia." Severina alivuta kiti. Filemoni alikaa pembeni na daftari. "Nimeviona visu vyako. Nataka kuelewa kitu kimoja. Kwa nini unakomba bapa?"

Ilikuwa kama kumwagia mafuta moto uliokuwa unazimika. Liberatus aliinua kichwa.

"Ili mwanga uwe na pa kukaa. Bapa la kunyooka linarudisha mwanga wote, linakupiga machoni, basi. Ukilikomba, mwanga unaingia, unatembea. Na ule mstari ambapo bonde linaishia, ule ndio kisu chenyewe. Ukitetemeka kidogo tu umeharibu. Huwezi kuurudia."

"Mzee alikubali?"

"Mzee alisema bonde ni udhaifu, kisu kinapata pengo. Ni kweli, ukigonga mfupa nacho. Nilimwambia, Mzee, si kila kisu kinakwenda buchani. Kingine kinakwenda machoni. Akasema macho hayali."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Wiki tatu zilizopita. Nilipompelekea kisu."

"Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Hapa. Na homa."

"Nani alikuona?"

"Mgonjwa anaonwa na nani?"

Severina alitoa mfukoni kipande kile cha chuma, akakiweka juu ya goti la Liberatus. Liberatus alikigeuza kwa vidole vyake vilivyojaa makovu. Fundi hahitaji sabuni. Alizisoma herufi zilizogeuzwa palepale.

"Hiki cha nani?"

"Chako. Mzee alikiagiza Jumatatu. Alhamisi asubuhi alikwenda Mwanjelwa mwenyewe kukichukua. Kilikuwa kwenye mfuko wa shati lake."

"Hapana."

"Alimwambia mchonga mihuri anataka kukushtukiza."

"Hapana, dada. Haiwezekani." Sauti yake ilikuwa imepanda. "Mzee alikuwa amekikataa. Alikuwa anaifuta kwato kwa tupa! Kwa tupa, kama takataka!"

Kalamu ya Filemoni ilisimama.

Barabarani mtu alikuwa anauza maziwa mgando kwa kengele. Kengele ilipita, ikaenda zake.

"Wiki tatu zilizopita kisu chako kilikuwa na kwato," Severina alisema kwa upole. "Nani alikuambia inafutwa?"

Liberatus alikuwa anakitazama kile chuma, na midomo yake ilikuwa inalisoma jina lake tena na tena.

"Liberatus Kikoti, mimi ni Mkaguzi wa Polisi. Nakuonya kwamba hulazimiki kusema lolote, na utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani kama ushahidi dhidi yako. Una haki ya kuwa na wakili au ndugu yako. Umeelewa?"

"Andika," Liberatus alisema. "Andika, kaka, nisije nikanyamaza tena."

*

Maelezo ya onyo aliyatoa kituoni Iringa, bila kuulizwa mara mbili.

"Kwa mzee kulikuwa na sheria moja. Kisu kikiwa kibovu, hakupigi, hakutukani. Anachukua tupa, anaifuta kwato mbele yako, anakitupa kwenye kapu la visu vya wauza mboga. Kimekataliwa. Miaka tisa alinifutia mara nne. Kila mara sikula siku nzima.

"Alhamisi nilipanda basi la saa nne asubuhi. Nilichoka kusubiri jibu. Nikafika mvua inanyesha, barabara haina mtu. Nikasimama mlangoni. Mzee amekaa amenipa ubavu, kisu changu kiko mezani, anapiga tupa. Juu ya kwato. Siku arobaini zangu."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimuuliza, 'Mzee, umekikataa?' Hakujibu."

"Mvua ilikuwa inapiga bati," Severina alisema. "Na alikuwa hasikii."

"Najua! Najua kuwa alikuwa hasikii! Miaka tisa nimekaa naye, nampigia kelele kila siku, lakini siku ile nilisahau kwamba hasikii. Nikaenda mbele yake. Akainua uso, akaniona. Akacheka. Mzee hakuwa mtu wa kucheka, dada. Nikaona ananicheka mimi. Kisu kilikuwa mezani kati yetu. Nilikichukua nisije nikaona kinaharibiwa zaidi. Ni hivyo tu nilitaka. Akaunyoosha mkono, nadhani alitaka kuniambia subiri. Nikachoma."

"Halafu?"

"Akaanguka. Nami nikakiosha."

"Ulikiosha."

"Damu inakula chuma. Ukiiacha nusu saa inaacha doa. Nikachukua majivu, nikachukua msasa. Ile kwato ilikuwa imebaki nusu. Alama ya nusu ni uchafu, nikaimalizia mpaka pakawa laini. Halafu jiwe lilikuwa pale, nikanoa. Mikono ndiyo ilikuwa inafanya. Nikakitundika mahali pake."

"Kwa nini hukukitupa? Uyole kuna mito."

Alimwangalia kana kwamba ameuliza kitu cha aibu. "Kile? Kukitupa?"

Severina alikuwa na swali moja zaidi. Halikuhitajika. Jalada lilikuwa limekamilika bila hilo, na huruma yake yote ilimwambia alimeze. Lakini Mathew alikuwa amelala siku mbili juu ya saruji, na Violet alikuwa amemzika baba yake asubuhi ile.

"Kazi hiyo ya msasa na jiwe. Ilikuchukua muda gani?"

"Robo saa hivi."

"Daktari anasema mzee aliishi dakika kumi, pengine kumi na tano."

Liberatus alitazama viganja vyake, kwanza kimoja, halafu kingine. Alipoanza kulia hakutoa sauti, na Filemoni, ambaye alikuwa amewahi kuandika maelezo ya majambazi wa Makongolosi bila kukunja uso, aliweka kalamu chini akatoka nje.

"Kwa simu ulisikia kwamba kuna mtu amekamatwa," Severina alisema.

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

*

Jumatatu saa mbili asubuhi Mathew alitia sahihi kupokea viatu, mkanda na simu.

"Na visu vyangu?"

"Viko kwa mkemia, kaka. Ni vielelezo. Vitarudi baadaye."

"Vyote sita?"

"Vyote sita."

"Sasa nyama nitakata na meno, mama?"

Severina alimpeleka mwenyewe kwa gari hadi Uyole. Alitaka watu wamwone akishuka pamoja na polisi, mlango wa mbele, mkono begani. Alikuwa amejiandalia hata maneno machache ya kuwaambia majirani. Aliamini watu wakielezwa vizuri huona haya, na wakiona haya hubadilika.

Sarah, mke wa Mathew, alikuwa amesugua tope ukutani hadi rangi ikatoka. Dirishani, mahali pa kioo, kulikuwa na turubai. Shemeji yake alikuwa ameleta paja zima la ng'ombe usiku, likaning'inia peke yake kwenye ndoano.

Na wateja walikuwepo. Severina alizitambua sauti zile za Alhamisi kabla ya sura.

"Pole, Mathew! Sisi tulijua tu kwamba si wewe."

"Tulisema! Si tulisema?"

"Nusu kilo, ya steki. Usiniwekee mafuta mengi."

Mathew alifunga aproni. Alitazama paja, akatazama meza. Kisha akavuka barabara kwa muuza chipsi. "Niazime kisu, dada, nikate nyama hii tu." Yule dada akasema chake ni butu, huku anakifunika kwa kitambaa. Akaenda kwa fundi viatu. Akaambiwa ndiyo kwanza kazi imeanza. Akaenda kwa mama wa mbogamboga aliyekuwa anakatakata chainizi kwa kisu kirefu cheupe. Mama akasema hana kisu.

Alirudi mikono mitupu. Watu wakawa wanatazama simu zao.

Severina akavuka yeye. Hakuamrisha, aliomba tu, na mama wa mbogamboga akampa kisu kile kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Muuza chipsi akakimbia na chake. Fundi viatu naye akaleta. Alirudi na visu vitatu, akavipanga juu ya meza mbele ya Mathew, mipini ikimwelekea yeye.

Mathew alivitazama. Foleni ikarudi nyuma hatua moja, wote pamoja, kama watu waliopeana ishara.

Akasukuma visu taratibu kurudi upande wa Severina.

"Wakatie wewe, mama," alisema. "Mimi nitapima."